Isale Iliyokwenda Machakos

Ninyi mnaokaa sasa kwenye vibanda vya simu, kuanzia stendi ya Moshi hadi huko juu Mkuu ya Rombo, mkisikia nimestaafu mnacheka. Mtu hajafika hamsini, anastaafu nini? Chekeni tu. Kazi yenyewe ilistaafu kabla yangu. Niliifanya miaka ile ambayo mtu alinunua simu ya kupangusa, akaja nayo mezani kwangu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, akasema, "Niunganishe." Hakusema aunganishwe na nini. Alitaka namba yake ya laini ifungamane na yote yaliyokuwa huko mtandaoni: ujumbe, picha, barua pepe, matokeo ya shule ya mtoto, kundi la ukoo, kundi la kwaya. Leo mtoto wa shule ya msingi anamfanyia bibi yake yote hayo huku maji ya chai yakichemka.

Sikukaa mahali pamoja. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa njiani, ndiyo maana sioni raha mpaka niwe njiani. Nilianza Moshi mjini, nikahamia Kwa Sadala siku za soko, nikapanda kwetu Masama msimu wa kahawa, nikaishia Rombo. Hata sasa nikipita njia hizo nasimama pale palipokuwa na meza yangu, natazama nani anauza nini. Pale Kwa Sadala pana mama wa ndizi. Sina la kumweleza. Nanunua ndizi, nashika njia.

Aliyenifundisha kazi ni Exaud, Mmachame mwenzangu, mtu mrefu asiye na haraka. Yeye alikuwa amepanda nguzo za simu za waya kabla laini hizi hazijafika, na mpaka mwisho alishika simu ya mteja kwa vidole viwili, kana kwamba ina umeme. Siku ya kwanza aliniambia: "Namba si mtu. Namba ni mlango. Kabla hujagonga, ujue nani anakaa ndani siku hizi." Nilidhani ni maneno ya wazee. Kisha nikaona mwenyewe.

Palikuwa na mama mmoja wa Kwa Sadala aliyeitupa laini yake kabatini akanunua nyingine. Laini isipotumika kwa muda mrefu hufa, na kampuni humpa mtu mwingine namba ile. Ile ya yule mama ilimwangukia kijana wa Mbeya. Kijana alipojiunga na mtandao, kundi la kwaya ya usharika likamfungukia, maana kundi liliijua namba, halikumjua mama. Naye hakutoka. Kila wakitangaza mazoezi, anaandika "Amina". Wakiomba maoni kuhusu sare, anatoa maoni. Mama alipokuja kulalamika kwetu tukampigia kiongozi wa kwaya amwondoe yule mgeni. Kiongozi akasita. "Ninyi mnataka nimtoe," akasema, "lakini huyu ndiye pekee anayejibu."

Basi hilo la kwanza lishikeni. Mteja akibadilisha laini, mwondoeni kwanza kwenye vyote alivyounganishwa kwa namba ya zamani, ndipo mumwingize kwenye mpya. La pili, ile namba ya uthibitisho inayotumwa wakati wa kuunganisha, mwacheni mteja aisome na kuiandika mwenyewe. Kama macho yake hayaoni, amwite mtu wake wa nyumbani. Ninyi msiijue. La tatu nitawaeleza kwa kisa, kwa sababu hilo halifundishiki kwa maneno makavu.

Exaud alipata kunieleza, tukiwa tunasubiri mvua iishe, kwamba wataalamu waliwahi kutengeneza utaratibu wa kuigeuza namba ya simu iwe anwani ya mtandao, na kwamba katika utaratibu huo namba huandikwa kinyumenyume, tarakimu ya mwisho ikitangulia na nchi ikikaa nyuma, kwa kuwa mashine huanza kutafuta anwani kutokea mwisho. "Sisi tunaanza na mtu," alisema. "Mashine inaanza na nchi. Ukiisahau nchi, mashine haitakuuliza. Itaweka yake."

Itaweka yake. Maneno hayo niliyaelewa Rombo.

Rombo ni mpakani. Ukipanda mgomba wako upande huu, kuku wako anaweza kutaga upande wa pili. Simu nazo ziko hivyo hivyo: ukisimama nyuma ya nyumba unashika mtandao wa Tanzania, ukizunguka mbele unashika wa Kenya. Watu wengi wana laini mbili, moja ya huku na moja ya huko. Na namba za nchi hizi mbili zinafanana kama mapacha. Zote huanza na sifuri na saba, zote urefu mmoja. Kwa hiyo namba ya mzee wa Mkuu, ukiiacha bila alama ya kujumlisha na tarakimu za nchi yake mbele, inaweza kuwa pia namba ya mtu wa Kenya ambaye hajawahi kuisikia Mkuu.

Siku moja ya soko, akaja mezani kwangu Paskalina, muuza ndizi niliyekuwa namfahamu kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa sura. Nyuma yake alikuja baba yake, Mzee Aloisi, amevaa koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Paskalina aliweka simu ya mzee mezani, si kwa upole.

"Fundi, nataka umwambie baba ukweli. Ujumbe ukisomwa, si tiki zinageuka bluu?"

"Zinageuka."

"Na tiki zinadanganya?"

"Hazidanganyi."

"Umesikia, baba?"

Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa mtandao. Niambie. Isale inaweza kupotea njiani?"

Vijana mliozaliwa mjini huenda mmeona masale yamepandwa tu kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, mkadhani ni ua wa kuzuia mbuzi. Isale ni jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, kosa la kuvunja undugu, unalikata jani la isale, unalipiga fundo, unampa mtu wa kati alipeleke. Aliyepelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Anaweza kukasirika, anaweza kukuita na kukuaibisha mbele ya ukoo, lakini jani hulipokea. Anayekataa isale amejitoa mwenyewe. Watu hawataketi naye kunywa pombe ya mbege, na siku yake ikifika, wabebaji wa jeneza watatazamana.

Nilielezwa mambo yalivyokuwa. Mzee alikuwa na mtoto wa kiume, Kalisti, fundi wa kuchomelea huko Nairobi. Wakati mzee alipolazwa hospitali, Kalisti alirudi nyumbani kuangalia kihamba, akang'oa mibuni aliyoipanda babu yake ili apande maparachichi. Hakumuuliza mtu. Mzee alipotoka hospitali akakuta mashimo tu. Alimwambia mwanawe asikanyage tena pale. Kalisti hakukanyaga, hata Krismasi, na ninyi mnajua Krismasi ya huku: mtu wetu asiporudi, watu huuliza amefungwa au amekufa.

Kisha, wiki chache kabla ya siku ile ya soko, Kalisti alimtumia dada yake picha ya kioo cha simu. Juu ya mazungumzo paliandikwa "Baba". Chini yake palikuwa na picha ya jani la isale lenye fundo, alilolikata kwenye ua wa Mchagga mmoja huko huko Nairobi, halafu ujumbe wa sauti, halafu mwingine. Tiki zote za bluu. Jibu hakuna. Chini ya picha alimwandikia dada yake: *Baba amekataa isale. Basi sina baba.*

Paskalina aliuonyesha ukoo picha hiyo. Wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kukaa Jumapili baada ya misa, na jambo lao lilikuwa moja, kumuuliza Aloisi kwa nini amekataa.

"Sijaona kitu," mzee alisema. "Naapa kwa Mungu, sijaona kitu."

"Baba anafuta," Paskalina akaniambia, kana kwamba mzee hayupo. "Amejifunza kufuta."

"Mimi hata kuwasha tochi ya hii simu sijui. Nitafuta nini?"

Nilimwomba mzee ruhusa, nikaifungua simu. Namba yake ilikuwa imeunganishwa vizuri. Nikamwambia Paskalina amtumie baba yake picha yoyote. Akapiga picha mkungu wake wa ndizi, akaituma. Simu ya mzee ikalia papo hapo. Mlango ulikuwa wazi, basi, na aliyekaa ndani alikuwa yeye. Kosa lilikuwa kwa mgongaji.

"Nipigie Kalisti," nikasema.

Aliposikia ni habari za baba, Kalisti alijibu kwa ukali mpaka Paskalina akaisogeza simu mbali na sikio. "Mimi sina maneno na mtu aliyekataa isale!"

Niliichukua. "Mimi si mzee. Mimi ni fundi wa simu, niko Mkuu sokoni. Nakuomba kitu kimoja. Fungua jina la baba kwenye simu yako, unisomee namba iliyoandikwa."

"Namba ya baba naijua kwa kichwa."

"Usinisomee ya kichwani. Nisomee iliyoandikwa."

Alisoma. Tarakimu zote zilikuwa sawa na za mzee, mpaka ya mwisho.

"Imeanza na nini?"

"Na sifuri, kwani vipi?"

"Hakuna alama ya kujumlisha? Hakuna mbili tano tano?"

"Hakuna. Kwani namba ya baba inahitaji mbili tano tano?"

"Huo ujumbe unatumia laini gani?"

"Ya huku Nairobi." Alikuwa ameunganishwa mtandaoni kwa laini ya Kenya. Mashine iliona namba haina nchi, ikaweka yake. Ndugu zake wengine walikuwa kwenye simu yake na tarakimu za nchi, kwa sababu aliwapata kupitia kundi la ukoo. Namba ya baba aliiandika kwa mkono, mzee aliponunuliwa simu ile. Na angempigia hata mara moja kwa sauti, angegundua. Lakini mtu anayeona aibu hapigi. Anaandika.

"Sasa," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa, "ile isale nimempa nani?"

Kabla sijajibu alikata simu. Nilimpigia tena, hakupokea.

Hili ndilo la tatu, wadogo zangu. Jina linaloonekana juu ya kioo ni lile uliloliandika mwenyewe. Simu haijui baba yako ni nani. Ukiandika "Baba" juu ya namba ya mgeni, itakuonyesha Baba kila siku, na mgeni akisoma utaambiwa Baba amesoma. Hata picha haikumshtua Kalisti, kwa kuwa mwenye namba ile alikuwa ameweka picha ya Bikira Maria, kama nusu ya Rombo walivyoweka.

Nilimweleza mzee. Nilieleza polepole, nikidhani itachukua muda. Aliniinulia mkono.

"Nimeelewa. Jani limekwenda nyumba nyingine." Akaielekezea simu kidole. "Nani yuko nyumba hiyo?"

Niliiandika namba ile kwa tarakimu za Kenya, nikapiga kupitia mtandao kwa simu yangu, nikaweka sauti ya wazi. Akapokea mama mtu mzima.

"Haloo? Nani huyo?"

Nikajitambulisha, nikamuuliza kama amewahi kupokea picha ya jani.

"Ile ya majani imefungwa?" Akacheka kidogo. "Aki nilidhani ni mtu anauza miche. Nikasema, huyu amejuaje mimi niko na shamba?" Kisha kicheko kikaisha. "Halafu nikasikiza ile sauti. Huyo kijana alikuwa analia."

Alituambia anaitwa Mama Mutheu, yuko Machakos, ni mjane.

Paskalina aliinama juu ya simu. "Sasa mama, mbona hukumjibu ukamwambia amekosea namba?"

"Nilijaribu. Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena. Mtu anakuambia baba nisamehe, na wewe umwambie, pole, si hapa? Niliona ni kama kumfungia mlango mvua ikinyesha. Nikasema nimwombee tu." Kisha akauliza, "Kwani babake alimsamehe?"

Watu wa meza za jirani walikuwa wameacha kuuza. Mzee Aloisi alikisogeza kiti chake karibu na meza, akaweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Mama," akasema, "mimi ndiye baba."

"Uwi. Shikamoo, mzee."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akasahau kwamba hamwoni. Kisha akasema kitu ambacho mimi, pamoja na ufundi wangu wote wa kuunganisha, nisingekifikiria.

"Huku kwetu jani halipelekwi na mwenye kosa. Linapelekwa na mtu wa kati. Mwanangu alikuwa hana mtu wa kati, alilituma mwenyewe, na hilo lilikuwa kosa la pili. Mungu amelipitisha kwako. Wewe ndiye umelipokea, na mwenye jani mkononi ndiye msemaji. Kwa hiyo nakusikiliza."

"Mimi?" Mama Mutheu akasema. "Mzee, mimi ni Mkamba."

"Jani halikukuuliza kabila."

Paskalina alitaka kuingilia kati. Baba yake akamwonyesha kidole, akatulia.

Nilimsomea Mama Mutheu namba ya mzee, nikianza na alama ya kujumlisha, nikamtaka anirudishie yote. Akairudia. Nikamwelekeza jinsi ya kubonyeza picha mpaka iwekewe alama, na jinsi ya kuisogeza mbele kwa mtu mwingine. Alikosea mara ya kwanza, akatuma picha ya ng'ombe wake. Mzee akaitazama. "Ng'ombe mzuri," akasema, na sokoni watu wakacheka wote kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Kisha jani likaingia. Isale, fundo moja, juu ya kiganja chenye makovu ya kuchomelea.

Mama Mutheu akakohoa, akasafisha koo. Alinyooka, nadhani, maana sauti ilibadilika ikawa ya mtu aliyesimama.

"Mzee, nimekuja kwa niaba ya mtoto wako. Anasema alikosa. Anasema ile miti ilikuwa ya babu yake, na yeye aliing'oa kama si ya mtu. Anasema alitaka ukitoka hospitali ukute shamba lina kitu cha kuuza, usihangaike tena. Lakini hakukuuliza. Anasema hilo ndilo linamsumbua, kwamba hakukuuliza. Na mimi nimemsikiza mara nyingi, naona hadanganyi. Basi, nimemaliza."

Akausogeza pia ujumbe wa sauti wa Kalisti, nikamwekea mzee. Aliusikiliza simu ikiwa sikioni mwake, si kwa sauti ya wazi, na sikuusikia. Niliona tu mkono uliokuwa juu ya fimbo ukifunguka na kujifunga.

"Nimepokea," alimwambia yule mama. "Uende salama."

"Asante, mzee. Na mkikaa chakula, mnikumbuke."

Alipokata simu, nilimwandikia mzee namba ya Kalisti upya, pamoja na nchi yake, nikamwonyesha alama ya kipaza sauti. "Bonyeza hapa, Mzee, shikilia, sema. Ukimaliza, achia." Alishikilia. Alizungumza Kirombo, na mimi Mmachame Kirombo hunipita kushoto na kulia. Nililiambulia jina la Kalisti, na neno la mibuni, na mwisho kitu kilichomfanya Paskalina ageukie ndizi zake na kuanza kuzipanga upya, zilizokuwa zimepangwa vizuri tu.

Tiki moja. Kalisti alikuwa amezima simu.

Soko lilianza kuvunjika. Wenye meza wakafunga turubai, gari za Tarakea zikapita zikiita abiria. Nilimwambia mzee kwamba anaweza kwenda nyumbani, jibu litamkuta huko huko, namba inatembea na mtu. Akasema anajua, ila atakaa kidogo. Sikufunga meza. Paskalina alileta kahawa kwenye kikombe cha bati, akaiweka mbele ya baba yake bila neno, na yeye akainywa bila neno, na hayo yalikuwa mazungumzo yao.

Tiki ya pili ikaja. Zikageuka bluu. Nilitazama pembeni, kwa maana nilikuwa nimeshaona tiki za bluu zilivyowatenda.

Simu ikatetema. Ujumbe wa sauti, mfupi mno, kiasi kwamba nilidhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Nikaubonyeza. Kwanza kelele za karakana, chuma kikigongwa mbali. Kisha sauti ya mwanamume mzima, iliyopasuka katikati:

"Shikamoo, baba."

Mzee Aloisi alivua kofia. Aliinamia ile simu mezani. "Marahaba, mwanangu," akasema.

"Baba, hajakusikia," Paskalina akamwambia, na safari hii kwa upole. "Bonyeza kwanza."

Akabonyeza, akashikilia kwa nguvu kama mtu anayezuia mlango usifungwe na upepo, akarudia.